Nyumba Nyeupe Katika Kioo Cheusi

Hukumu ya kisa hiki nawaachia ninyi, basi tegeni masikio.

Katika bonde moja la Wales, karne ya kumi na nane, dada watatu waliishi katika nyumba ya kupanga iliyopakwa chokaa. Gwenllian alijua pa kusimama ili mandhari ikae sawa. Tegwen alijua vioo. Lowri, kitinda mimba, alikuwa mwoga wa kila kitu, ila mkono wake ulichora alichokiona, basi.

Siku moja mwenye bonde alikuja na kioo cheusi kilichobinuka. Kama waungwana wa siku zile waliopenda kuona mandhari kama picha, akaligeuzia bonde mgongo, akalitazama kiooni, akakunja uso.

"Nyumba hii inachoma macho. Nitaliezua paa. Gofu hupendeza kwenye picha."

"Na sisi, Bwana, tutapendeza wapi?" Lowri aliuliza.

Bwana akacheka. "Nileteeni mchoro mzuri wenye paa, nami nitaliacha."

Gwenllian akajitosa kwenye kinamasi ambacho hakuna muungwana aliyewahi kukikanyaga. Katikati ya matope akapaona: hapo mlima uliikumbatia nyumba.

Tegwen akang'oa kioo cha dirisha lao la pekee, akakipaka masizi nyuma. Ndani yake ukali wa chokaa ukapoa, ukawa kama mwanga wa alfajiri.

Lowri akazama matopeni hadi magotini, akachora yaliyoonekana kiooni, moshi wa jiko na nguo zilizoanikwa kambani vikiwamo.

"Futa hayo magaguro, mdogo wangu!" Gwenllian akamsihi. "Waungwana hawaanikiwi nguo za ndani mlimani!"

"Wazoee. Humu mna watu."

Bwana akaletewa mchoro, akautazama. "Paa libaki," akasema. "Lakini mkataba huandikwa jina moja. Aliyeiokoa nyumba atakaa humo maisha yake yote. Wawili wahame."

Dada watatu wakaketi kizingitini, bega kwa bega.

"Chagua wewe, Bwana," Lowri akasema, "kisha uje uwatoe hao wawili kwa mikono yako."

Bwana akatazama aliyepaona mahali, akatazama aliyeupoza mwanga, akatazama aliyekataa kufuta. Kalamu ikamkaukia wino.

Haya, kalamu ni yenu sasa. Mngeandika jina la nani? Na wale wawili wasiotaka kuinuka pale mlangoni, mngewaambia nini?