Usishushe Mzigo Kwanza

Wametusimulia wazee wetu wa elimu, nao walipokea kwa waliowatangulia, kwamba katika mji wa Halab, nchi ya Sham, aliishi mjane mchamungu aitwaye Rayhana, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa na nyumba ya wageni, katika jengo alilolikodi, katikati ya mtaa wa kale nyuma ya msikiti mkuu, pale ambapo soko halikauki watu. Marehemu mumewe alikuwa fundi wa vigae, na kuta za nyumba ile alizipamba kwa mkono wake, buluu na kijani, kutoka mlangoni hadi uani. Hapo uani palikuwa na birika la maji na yasmini iliyotambaa ukutani. Mashuka yalifukizwa udi. Na juu ya uzuri huo wote, Rayhana alitoza kiasi ambacho hata mwanafunzi wa madrasa angekimudu.

Utauliza, nyumba ya namna hiyo mbona ilikuwa tupu? Ilikuwa tupu kwa sababu ya ulimi wa mwenyewe. Desturi ya Halab ilikuwa kwamba mzigo wa mgeni ukigusa sakafu, mkataba umefungwa, na mgeni hahami tena mpaka msafara wake uondoke. Ndiyo maana wenye nyumba wengine walikuwa wepesi ajabu wa kuwapokea watu mizigo yao. Rayhana yeye alisimama mlangoni, akaishika kamba ya mzigo na kusema, "Usishushe mzigo kwanza." Kisha akaitaja aibu ya nyumba yake: ilipakana na karakana za wafua shaba, na nyundo zao zilianza mara tu baada ya sala ya alfajiri. Wageni walimshukuru kwa adabu, wakaenda kwingine.

Mwaka huo mwenye jengo, Abu Tarif, alimwambia waziwazi kwamba mwezi ukiandama na nyumba bado tupu, ataichukua aifanye ghala la ngozi mbichi. Rayhana alivitazama vile vigae vya mumewe, akalia.

Basi ikawa siku ya Ijumaa, karakana zimefungwa na mtaa mzima umetulia, akatokea kijana wa Mosul aitwaye Sinan, akimwongoza punda aliyembeba mama yake, Bi Ghaliya. Walikuwa njiani kwenda Hija. Tangu asubuhi walikuwa wakitafuta pa kufikia. Nyumba nzuri ziliwashinda bei, na zile rahisi, nje ya lango la mji, zilinuka ngamia. Sinan alipouona ule ua, uso wake ulikunjuka.

"Mama yangu halali," alimwambia Rayhana. "Tangu baba afariki, usingizi umemkimbia. Nilitaka mahali pazuri tutakapopaweza, mchana achangamshwe na watu, na usingizi ukimjia, usiku au alfajiri, asiamshwe. Naona tumefika."

Jirani yake Rayhana, Nusayba, muuza manukato, alimvuta pembeni. "Shoga, leo nyamaza. Hakukuuliza habari za nyundo, nawe hukumdanganya. Ijumaa imekusitiri."

Rayhana akanyamaza. Waja wema nao nyoyo zao ni za nyama, na moyo wake ulitamani sana. Sinan alikuwa amekwisha kuufungua mzigo, ameukumbatia, anainama kuuweka chini. Ndipo Rayhana aliposema astaghfirullah, akaishika kamba.

"Usishushe mzigo kwanza, mwanangu. Kimya hiki ni cha Ijumaa tu. Nyuma ya ukuta huu kuna wafua shaba, na kesho baada ya alfajiri watagonga mpaka jioni. Kama ni usingizi mnaoutafuta, hapa hapawafai."

Sinan alisikitika. "Mwenyezi Mungu akulipe kheri kwa kunena kweli," alisema, akaanza kuufunga mzigo upya. Nusayba alijipiga kofi pajani, akarudi dukani kwake.

Bi Ghaliya, aliyekuwa bado juu ya punda, akauliza, "Wanafua nini?"

"Sinia na mabirika, mama," alijibu Rayhana.

"Wanaanza na nyundo ndogo?"

"Ndogo. Kubwa huja jua likipanda."

Machozi yakamtoka bibi yule. "Sinan, shusha mzigo."

"Mama, lakini wewe hulali."

"Baba yako alikuwa mfua shaba. Tangu niolewe nimelala usingizi wangu mtamu baada ya alfajiri, nyundo yake ikigonga upande wa pili wa ukuta. Alipofariki, nyumba ikanyamaza. Ni kile kimya kisichonilaza, mwanangu."

Kesho yake nyundo zilipoanza, Rayhana alipeleka maji ya moto. Alimkuta Sinan ameketi nje ya mlango, kidole mdomoni kumwashiria asipige kelele, anatabasamu huku akilia. Mama yake alikuwa amelala fofofo.

Sinan aliwahadithia wenzake wa msafara, si habari za nyundo bali za yule mwanamke anayeizuia kamba. Wakaja. Kila mmoja aliambiwa asishushe mzigo kwanza, na wengi waliushusha. Abu Tarif alipokuja mwezi ulipoandama, hakupata hata pembe ya kutundika ngozi moja.

Nusayba alimwambia Rayhana, "Kumbe zile kelele ndizo zilizokuwa riziki yako."

"Sikulijua hilo," alisema Rayhana. "Nilijua tu kwamba si haki yangu kuzificha."

Enyi ndugu zangu, tunazipamba bidhaa zetu kwa maneno mpaka tunazisahau aibu zake. Bibi yule hakujua kuwa ndani ya aibu ya nyumba yake mlikuwa na usingizi wa mtu. Lau angalinyamaza, Bi Ghaliya angalizisikia zile nyundo akijua kwamba amefichwa ukweli, na sijui kama angaliweza kulala tena.