Kapu Chini, Jicho Juu

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na kapu?
— Likawa tele!
Likawa wapi?
— Pangoni kwa Fisi!

Wa nyuma hamjaitika. Mmeshiba nini wenzetu? Haya, hivyo hivyo, twende.

Hapo zamani, zamani hizi za televisheni, si zile za kabla yake, sanduku moja lilidondoka kutoka nyuma ya lori, pu! Fisi akalikuta. Akalinusa, akalilamba, akaona haliliki. Angeliacha pale pale, ila lilikuwa na betri yake na bamba lake la sola, na alipolikanyaga kwa bahati, watu wakaanza kusema ndani. Fisi akalibeba mpaka pangoni kwake, akaliweka juu ya jiwe, kisha yeye mwenyewe akasimama mlangoni.

"Kapu chini, jicho juu!" akaimba.

Maana yake acha chakula, ingia utazame.

Na wanyama wakaacha. Aliyekuja na boga, kapu chini, jicho juu. Aliyekuja na mahindi, kapu chini, jicho juu. Msiwacheke, hata nyinyi nawajua. Kulikuwa na tamthilia, ndugu zangu! Tajiri mmoja, Bwana Machano, yuko kitandani hawezi. Upande huu mkewe, Bi Tausi, amepiga magoti anaomba dua. Upande ule binti yake, Daktari Ridhaa, ameshika sindano. Mke anasema, "Mwachie Mungu!" Binti anasema, "Niachie mimi!" Bwana Machano anafumbua mdomo aseme anamwamini nani... tan-tan-taaan! Itaendelea.

Kila jioni anafumbua mdomo. Kila jioni itaendelea.

Pori likagawanyika. Mzee Kobe, ambaye hata maji hanywi kabla hajainamisha kichwa, akawa kiongozi wa watu wa Dua. Nyani akawa kiongozi wa watu wa Dawa. Alijivika kamba ya mgomba shingoni, mwishoni akafunga gamba la konokono la kusikilizia mapigo ya moyo, akawa anamsikiliza kila apitaye, hata mti.

"Dua!" anasema Kobe.

"Dawa!" anasema Nyani.

Fisi akaona hapa pana ulaji. "Upande utakaoleta makapu mengi ndio wenye haki," akatangaza. Kesho yake Dua ikashinda kwa boga moja. Keshokutwa Dawa ikashinda kwa mkungu wa ndizi. Fisi ndiye aliyekuwa mwamuzi, na alikuwa mwamuzi wa haki kabisa, maana alikula vya pande zote mbili bila upendeleo. Na alichoshindwa kukila alikirundika, mpaka ukuta wa nyuma wa pango ukawa hauonekani.

Sasa palikuwa na Pimbi. Pimbi mnamjua, yule mnyama wa kwenye mawe, mdogo, mkia hana, meno anayo. Huyu alikuwa mjane mwenye watoto. Hakuwa wa Dua wala wa Dawa. Alimpenda tu Bwana Machano, kwa sababu alilala chali na mdomo wazi kama marehemu mumewe.

Jioni moja Pimbi akarudi nyumbani mikono mitupu. Kapu la mwisho la kunde, lile la kuvukia kiangazi, alikuwa amelitua mlangoni kwa Fisi kwa hiari yake mwenyewe. Watoto wakamzunguka. Kitinda mimba akauliza, "Mama, leo tunakula nini?"

Pimbi akafunua chungu, akakifunika tena.

"Tutakula itaendelea?"

Pimbi akaona aibu, aibu ya kweli. Alitamani hata mtoto angelia, kuliko kumuuliza vile kwa upole. Akaketi na aibu yake juu ya jiwe, akafikiri, akafikiri, mpaka akapata shauri.

Jioni iliyofuata akaingia pangoni kwa ufa wa nyuma. Wenzake wote walikuwa wamekwisha kaa, macho pima. Bi Tausi kapiga magoti. Daktari Ridhaa kashika sindano. Bwana Machano anafumbua mdomo, na leo, jamani, leo sauti inatoka! "Mimi," anasema Bwana Machano, "namwamini..."

Nyuma ya sanduku, Pimbi akauma waya. Kata-kata-kata. Aliuma huku machozi yanamtoka, maana hata yeye alitaka sana kujua mwisho.

Tsss... zii!

Giza juu ya kioo. Wanyama wakapiga yowe utadhani wamefiwa. Fisi akalipiga sanduku kofi, pa! Kimya. Akalipiga la pili, pa! Kimya.

"Basi turudishie makapu yetu," wakasema.

Fisi akatoa meno yote nje. "Kapu lililoingia kwangu halitoki. Nani anabisha?"

Wakarudi nyuma wote. Ndipo Pimbi akajitokeza, kasafisha uso. "Jamani, kwa nini tugombane? Mwisho tutaucheza wenyewe. Bi Tausi atakuwa Mzee Kobe. Daktari atakuwa Nyani. Tumtafute tu mgonjwa. Mgonjwa hana kazi, analala. Analetewa supu, analetewa uji wa ulezi, analetewa mayai ya kuchemsha. Si mliona kitandani kwa Bwana Machano? Nilikuwa namfikiria Nguruwe..."

"Nguruwe?" Fisi aliruka. "Nguruwe ana sura ya kuugua yule? Mgonjwa ni mimi!"

"Wewe, Mheshimiwa? Una nguvu hivyo?"

"Naumwa tangu utotoni!"

"Sawa, lakini mgonjwa hana amri. Mgonjwa hutii. Akikataa kutii, akiinuka tu kitandani, mchezo umekwisha, na kila mmoja anachukua kapu lake."

"Nitatii! Mashahidi hawa hapa!" Fisi akajitupa chini, pu! Akageuza macho. "Uuu! Uuu! Nakufa. Leteni supu."

Mzee Kobe akasogea polepole, akainamisha kichwa. "Mwanangu, tutakuombea. Lakini dua haipandi kutoka kwenye tumbo lililojaa. Kwanza utafunga."

Fisi akafumbua jicho moja. "Kufunga? Basi mimi ni mtu wa Dawa. Daktari, niite kwako."

Nyani akamwekea gamba la konokono tumboni, akasikiliza sana. "Hali si nzuri. Lazima tuchukue vipimo. Na kabla ya vipimo mgonjwa hali kitu. Hata maji."

"Mzee Kobe! Narudi kwenye Dua!"

"Karibu, mwanangu. Funga."

"Daktari!"

"Hata maji."

Viongozi hawa wawili walikuwa hawajapatana juu ya jambo lolote tangu sanduku lianguke. Wakatazamana kwa mshangao. Kobe alichukia kidogo kuona Nyani ana akili, na Nyani naye vivyo hivyo.

Pimbi akakohoa. "Samahani, wakubwa. Na hayo makapu je? Mgonjwa si anayatazama?"

"Kishawishi hicho!" akasema Kobe. "Yatoke!"

"Vijidudu hivyo!" akasema Nyani. "Yatoke!"

Fisi akainua kichwa. "Ngojeni kwanza, mimi..."

"Mgonjwa anainuka?" akauliza Pimbi. "Mchezo umekwisha?"

Fisi akarudisha kichwa chini. Akiinuka, makapu yanakwenda. Akilala, makapu yanakwenda. Lakini akilala kuna supu mbele. Akalala.

"Fumba macho, mwanangu, tunakuombea."

"Fumba macho, mgonjwa, tunapima joto."

Akafumba. Hapo Pimbi akaanza kuimba taratibu, na wote wakamwitikia:

"Jicho chini, kapu juu! Jicho chini, kapu juu!"

Boga likapita, tipu tipu tipu. Mkungu ukapita, tipu tipu tipu. Mahindi yakapita, ufuta ukapita, mihogo ikapita. Tumbo la Fisi likalia nguru-guru-guru, na kila likilia, Nyani anasema, "Mnasikia? Dawa inafanya kazi," na Kobe anasema, "Hiyo ni dua inapanda."

Mwisho likapita kapu la kunde. Lilipita karibu mno na pua. Fisi akavumilia, akavumilia, akashindwa. Akaruka, fyuu! mpaka mlangoni, mate yanamdondoka.

"AMEPONA!" wakapiga kelele wote. "Mgonjwa amepona!"

"Kwa dua!" akalia Kobe kwa furaha.

"Kwa vipimo!" akalia Nyani, akakimbilia nje, akapanda mti na mkungu wake.

Fisi akamrukia Kobe, akauma gamba, ko! Jino likalegea. Akamkimbilia Pimbi. Pimbi akaingia kwenye ufa wa mawe yeye na kapu lake, akabaki kuchungulia. Fisi akarudi pangoni, akakuta patupu, pamebaki yeye na sanduku. Akalilamba tena, pengine safari hii litalika.

Kule nyumbani kwa Pimbi kwenye mawe, chungu cha kunde kilikuwa kinatokota, bwata-bwata. Watoto walikula mpaka wakanyamaza. Kitinda mimba akainua uso, shavu limejaa.

"Mama, Bwana Machano alipona?"

Pimbi akakitazama kile chungu. Mwisho hakuujua, na sasa hataujua milele, na ilimuuma.

"Alikula, mwanangu," akasema. "Na wewe kula."

Basi na mimi waya wangu umeumwa hapo hapo. Ngano ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.

Na funzo, maana wazazi wenu watauliza, ni hili: imani na sayansi haziwezi kupatana hata siku moja. Kobe na Nyani watawathibitishia, wanabishana mpaka leo, mmoja juu ya maboga yake na mwingine juu ya ndizi zake.

Eti, mbona yale makapu waliyatoa kwa kauli moja? Hayo msiniulize. Mimi mwenyewe najisikia vibaya kidogo, leteni uji.