Ukoko wa Nyamizi

Atupaye ukoko hufunga mlango. Ndivyo alivyosema yule mama pale kwenye shughuli, alipomzuia binti asisuuze sufuria, nanyi mkacheka, kisha mkaja kuniuliza maneno hayo yametoka wapi. Kaeni basi. Hayakutoka kwa mtu mwenye cheo, hilo nawaambia mapema. Yalianza hivi.

Kule Unyamwezini, katika mji mmoja ambapo reli mbili hukutana, palikuwa na hoteli ndogo ya wali iliyotazamana na stesheni. Ilikuwa na vyumba viwili, meza nane, na jiko la nyuma lenye kuta nyeusi kwa moshi. Mpishi na mwenye hoteli alikuwa mwanamke aitwaye Nyamizi. Mumewe, Mzee Mihayo, alikuwa mtu wa moto: kazi yake kupasua kuni na kupalia makaa juu ya mifuniko. Treni ilifika saa sita mchana, ikasimama zaidi ya saa nzima kichwa kikibadilishwa, na kwa miaka ishirini na saba abiria walishuka wakamiminika pale hata wengine wakala wamesimama.

Kila saa tano, pilau ikishapakuliwa, Nyamizi alikwangua ukoko, ule mwekundu wenye mafuta na bizari, akaumwagia mchuzi, akafungua mlango wa nyuma. Hapo wapagazi wa stesheni, wale wabeba mizigo, walikuwa wameshakaa wakingoja. Kila mmoja alimjua kwa jina. "Shija, mgongo umeamkaje? Kasuka, mkeo kajifungua?" Walikula, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuwadai kitu.

Mihayo hakupenda. "Mama Ngasa, utalisha mji mzima?"

Naye humjibu bila kugeuka, "Wewe palia makaa, Baba Ngasa."

Nyamizi aliugua juma moja tu. Alipelekwa zahanati, wakubwa wa zahanati wako semina, dawa zimefungiwa kabatini na ufunguo umekwenda semina nao. Akafa. Mihayo alirudi nyumbani na kitambaa cha kichwa cha mkewe mkononi.

Arobaini haijapita, Ngasa, kifungua mimba, akarudi kutoka alikokuwa karani, akajiita mwenyekiti wa familia. Mnawajua wenyeviti. Amri ya kwanza ya mwenyekiti ilikuwa kutia kufuli mlango wa nyuma. "Hii ni hoteli," alisema, "si mahali pa sadaka. Wageni wanaona makuli wamejipanga hapo, hamu inawaisha. Ukoko umwagwe."

Na aliyeumwaga alikuwa Mihayo mwenyewe. Kila saa tano alikwangua masufuria, akachukua beseni, akaufukia shimoni pamoja na majivu. Hakubisha. Si yeye mwenyewe aliyekuwa akinung'unika miaka yote ile?

Miezi minne ikapita. Meza nane zenye watu zikawa tano, tano zikawa mbili. Pilau ilikuwa ile ile; binti aliyeipika alifundishwa na Nyamizi mwenyewe. Lakini treni ilifika, watu walishuka, na mlangoni hapaingii mtu.

Ngasa akapata jibu. "Pamebanana," alisema. "Pana moshi. Watu wa leo wanataka nafasi. Tutabomoa jiko na vyumba vyote, tusimamishe ukumbi wa meza arobaini." Akamleta fundi apime, akapanga Jumatatu waanze kubomoa. Lile jiko ndicho kitu pekee Mihayo alichobakiwa nacho cha mkewe. Kwenye ukuta wake bado palikuwa na alama ya kiganja chake, pale alipokuwa akijishika anapoinua sufuria. Lakini nani anamuuliza mtu wa moto?

Ili ukoo usimsumbue kwa maswali, Ngasa akamwita msomi atoke mjini, aandike kwamba mpango ni mzuri. Akaja binti mmoja mwembamba, Leokadia, mwenye daftari na viatu vya vumbi.

"Huyu ni mchambuzi wa biashara," Ngasa alimtambulisha.

"Mchambua mchele namjua," alisema Mihayo. "Wa biashara ndiyo kwanza namwona. Karibu, binti."

"Asante, mzee wangu. Shikamoo. Biashara nayo ina chuya zake."

Mihayo akacheka. Hakuwa amecheka tangu msiba.

Alitazamia binti yule aketi mezani afungue madaftari. Wapi! Alionja pilau, akasema ni nzuri, kisha akaenda kukaa stesheni. Siku ya kwanza akashinda huko. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu Mihayo akamfuata.

"Binti, hoteli iko kule. Huku unachambua reli?"

"Kaa hapa, mzee. Tazama tu. Usiwatazame wanaokula, watazame wanaotafuta pa kula."

Treni ikaingia. Mihayo, aliyeishi mkabala na stesheni ile miaka ishirini na saba, akaitazama kama hajapata kuiona. Watu walishuka, wageni, wachovu, njaa imewakausha midomo. Hakuna aliyeinua macho kusoma vibao. Kila mmoja alimkabidhi mpagazi mzigo wake, na akishaukabidhi, akamuuliza jambo. Mihayo hakuhitaji kulisikia. Aliona mpagazi akinyoosha mkono, na mkono ulielekea upande wa pili wa reli, kwa mama mmoja muuza ugali.

Shija akapita na sanduku kichwani. Alipita mbele ya hoteli ya Nyamizi bila hata kugeuza shingo.

Mihayo akamngoja mpaka atue. "Shija, mwanangu, unatupita kama hutujui?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nijibu."

Shija akajifuta jasho. "Sina ugomvi nanyi, mzee. Mgeni ananiuliza, wapi chakula kizuri? Zamani nilikuwa na ukoko wa Mama mdomoni, mafuta hayajakauka. Namwambia nenda pale, wala sisemi uongo. Sasa mimi chakula chenu sikijui. Nitamwapiaje mtu kitu nisichokionja?"

"Mama alikuwa akikutuma useme hivyo?"

"Mama? Aka! Mama alikuwa akituuliza migongo yetu tu."

Mihayo aliketi juu ya sanduku la watu. Alihesabu mikono ile, kumi, kumi na tano, na kila mkono aliujua: ndiyo iliyokuwa ikinyooshwa mlangoni kwake kila saa tano. Mwanamke asiyejua kusoma jina lake mwenyewe alikuwa amejenga barabara kutoka kila behewa hadi kwenye sufuria yake, bila kibao, bila mkutano, wala hakuijua kuwa ni barabara. Naye Mihayo, aliyelala naye mkeka mmoja, aliiona leo tu, baada ya kuifukia shimoni kwa mikono yake. Alitaka kumwambia mkewe. Alifungua kinywa kabisa, ndipo akakumbuka.

Jumamosi ukoo ukaketi. Leokadia akafungua daftari.

"Niliwauliza abiria tisini na sita nani amewaelekeza mahali walipokula," alisema. "Kibao chenu kimesomwa na watatu. Waliobaki wote wameelekezwa na wapagazi. Mkijenga ukumbi wa meza arobaini leo, mtakuwa na meza arobaini tupu badala ya nane. Nyumba hii ina milango miwili, nanyi mmefunga ule wanaoingilia wateja."

Ngasa akaruka. "Mlango wa nyuma? Wa makuli? Nimekuita uandike mpango, unaniletea habari za ukoko!"

"Ulinitaka niandike nilichokiona, kaka."

"Haya, umeshaona. Mkutano umeshaamua. Jumatatu jiko linabomolewa."

Mihayo akasimama. Hakuwahi kusimama kwenye kikao. Kazi yake ilikuwa kuwapikia chai.

"Halibomolewi."

"Baba, kaa. Mkutano..."

"Mkutano haujawahi kukwangua sufuria!" Sauti ilimtoka hata yeye akaishangaa. "Nilimnunia mama yako miaka ishirini na saba kwa ajili ya ukoko. Akafa, ukaniambia niumwage, nikaumwaga. Kila siku nilidhani namwaga masalio, kumbe namwaga watu. Ngasa, sikia: atupaye ukoko hufunga mlango. Leta ufunguo."

Shangazi mmoja mzee akasema kutoka pembeni, "Mpe baba yako ufunguo, Mwenyekiti, au unangoja tuupigie kura?" Watu wakacheka, na kicheko kile ndicho kilichomshinda Ngasa. Akautoa mfukoni.

Kesho yake saa tano mlango wa nyuma ulikuwa wazi, lakini hapakuja mtu. Mtu akishafukuzwa haji kwa sababu umefungua kufuli. Basi Mihayo akajitwika sinia la ukoko na mchuzi, akavuka kwenda stesheni mchana kweupe, mji mzima unatazama, akalitua katikati ya wapagazi. "Nisameheni," alisema. "Kuleni." Wakatazamana. Shija akanawa wa kwanza.

Treni ikafika. Mihayo alikuwa hajamaliza kukusanya masalio alipowaona wageni wakitoka stesheni, wawili, watano, kisha kundi zima, watu asiowajua wanaokwenda moja kwa moja mlangoni kwake. Akavua kofia, akasimama hivyo mpaka wa mwisho akaingia.

Hoteli ile ilipanuliwa baadaye, naam, na ilianzia nyuma: palijengwa kwanza baraza la wapagazi, lenye kivuli na maji ya kunawa, ndipo meza zikaongezwa mbele kadiri watu walivyoongezeka. Siku ya kufungua, Ngasa alihutubia, akasema wazo lilikuwa lake. Mihayo hakuwepo kumsikia. Alikuwa jikoni akipalia makaa.

Sasa nanyi mtakuja kupewa vyeo, maana hata wajinga hupewa. Siku mtakapotaka kupanua jambo, msianze na fundi. Tazameni kwanza ni kipi kidogo mnachokidharau, na nani anakula kwacho. Atupaye ukoko hufunga mlango.