Mkeka Uliolowa Kiangazi

“Nirudishie shilingi mia mbili zangu, we bibi! Mkeka wako unanilowesha!”

Hilo ni zimwi, jamani, limesimama mlangoni kwa Bi Mwatime, msusi wa mikeka. Bi Mwatime kaduwaa. Mvua hakuna, nyumba ya zimwi ni mpya, sasa maji yanatoka wapi? Akauanika mkeka juani, ukakauka, zimwi likaenda nao kuulalia. Kesho yake zimwi likarudi linachuruzika. Akauanika tena, likarudi limelowa chepechepe. Akauanika mara ya tatu; likarudi na chura sikioni.

“Umeniloga!”

“Mimi? Hata sielewi!”

Akaunusa mkeka. Ulinuka tope la bwawani. Ukindu wake aliukata kwenye bwawa la kijiji, kabla zimwi halijalifukia lijenge nyumba za kupangisha. Siku ile wanakijiji walilia, “Maji yatakwenda wapi?” Zimwi likacheka: “Yatajua yenyewe.”

Na kweli yalijua.

Bi Mwatime akafungua pindo la kanga, akalitilia zimwi mia mbili kiganjani.

“Zako hizo, nimelipa. Sasa rudisha bwawa letu.”