Mkono wa Tusekile

Hapo zamani, ninyi mnaonisikia, katika kanisa moja la mlimani huko Unyakyusa, kulikuwa na benchi la nyuma. Halikuwa la wageni, lilikuwa la waliotengwa. Ukikalishwa hapo huimbi kwaya, na Meza ya Bwana inakupita hivihivi unaitazama. Na desturi ya pale ilikuwa hii: aliyekukalisha, si wazee wanaotoa hukumu bali yule aliyesababisha, ndiye anayekuja kukutoa. Anatembea mbele ya watu wote mpaka nyuma, anakushika mkono, anakurudisha mahali pako.

Hapo ndipo alipokaa Tusekile, mjane, mwimbaji wa sauti ya pili. Alikaa masika, akakaa kipupwe, mahindi yakavunwa yakapandwa tena. Kwaya ikianza, yeye anafunga mdomo, sauti ya pili anaiimba tumboni. Mahali pake karibu na dirisha hawakuweka mtu. Kila Jumapili anapatazama, anasema moyoni, laiti ningesimama pale hata ubeti mmoja.

Alifikaje huko nyuma? Sikilizeni.

Atupele, mke wa mwinjilisti, alikuwa hajapata mtoto. Majirani wanamsema, mama mkwe anamsema. Asubuhi moja akajiiba akaenda kwa mganga. Tusekile akapata habari, akamfuata mbio, akamkuta kikombe cha dawa kiko mdomoni. Akampokonya, akakimwaga, akamtoa kwa mlango wa nyuma, apitie migombani asionekane. Atupele akamshika miguu. "Dada, kanisa likijua, mume wangu kazi hana, na mimi nimekwisha. Usiseme." Tusekile akamwambia, nenda, sisemi.

Yeye mwenyewe akatokea mlango wa mbele. Na njiani akawa anapita Subilaga, mwenzake wa jumuiya, na kikapu chake, anakwenda kuchuma chai. Akamwona.

Subilaga hakwenda kutangaza sokoni. Alingoja siku ya jumuiya, wakati watu wanatoa mahitaji yao ya kuombewa, akasema kwa upole, tumwombee dada yetu Tusekile, nimemwona anatoka kwa mganga. Basi, hakuzidisha.

Aliyeomba ni mzee wa kanisa, Ambokile. Huyo akianza kuomba, maharage yanaungua jikoni. Akasema, "Bwana, mrehemu Tusekile, aliyekwenda kutafuta dawa ya kuwafunga wenzake sauti, ili abaki anaimba peke yake." Hayo nani alimwambia? Hakuna. Lakini ombi halikatizwi. Watu wameinama, wamefumba macho. Likaisha, wote wakaitika amina. Walipofumbua macho, tayari limekuwa kweli. Na mwimbaji mmoja aliyekuwa na mafua yake akajishika koo.

Wazee wakamwita Tusekile. Ulikwenda kwa mganga? Nilikwenda. Kufanya nini? Akanyamaza. Wakamkalisha nyuma, na Atupele yuko palepale kando ya mumewe, anatazama sakafu.

Mwaka ukapita. Atupele akapata mtoto. Siku ya ubatizo mchungaji akauliza, nani anamsimamia mtoto huyu? Atupele akageuka, akatazama benchi la nyuma. Machozi yakatangulia, maneno yakafuata. Akasema yote.

Mchungaji akasema, basi, aliyemkalisha Tusekile aende akamshike mkono.

Tusekile akasimama. Akanyoosha mkono.

Hakuja mtu. Walikuwa wanasukumiana lawama.

Subilaga akasema, "Mimi nilisema nilichokiona, na nilichokiona ni kweli. Ningenyamaza mngeniita mnafiki. Aende aliyeongeza."

Mzee Ambokile akasema, "Mimi nilikuwa naongea na Mungu, sikuongea na wewe. Bila macho yako ningeomba nini? Na wote mliitika amina. Aende aliyejua akanyamaza."

"Hayo ya kufunga sauti, mzee, hata Mungu alikuwa hajayasikia," Subilaga akamjibu. "Wewe ndiye uliyempelekea."

Atupele naye, mtoto mikononi, akasema, "Mimi sikumsema hata neno moja baya. Nilimwomba anifichie, akakubali mwenyewe. Na leo aliyesema ukweli si mimi?"

Mchungaji akachoka nao. Akawaambia, nendeni wote watatu. Tusekile akatikisa kichwa.

"Hapana, mchungaji. Kila Jumapili nimetazama hii njia ya katikati, nikasema, leo atakuja. Wakija watatu, kila mmoja atasema moyoni kwamba ni yule mwenzake. Mimi namtaka aliyenikalisha. Asiponishika yeye, huko mbele itafika miguu tu. Sauti itabaki hapa nyuma."

Kwaya imeshasimama. Sauti ya kwanza imeanza, inaisubiri ya pili. Mkono wa Tusekile bado uko hewani.

Haya, ninyi mliokaa hapa, msiniitikie amina. Nijibuni. Yuko aliyesema alichokiona, yuko aliyeongeza katika ombi, yuko aliyejua akanyamaza. Je, nani alistahili kwenda kuushika mkono ule?