Mpira Usiobonyezwa

— Paukwa!
— Pakawa!
— Paukwa gari?
— Pakawa moshi!
— Paukwa moshi?
— Pakawa mlima!
— Na mlimani pana nini?
— Pana uwongo, ulete tuuonje!

Haya, nauleta. Lakini wewe uliye nyuma acha kutafuna njugu, unanimezea maneno.

Hapo kale, si kale sana, wanyama walipokwisha kujua kuendesha magari, palikuwa na Pimbi. Mnamjua Pimbi? Mfupi, mnene, mkia hana, na wala hajawahi kuulilia. Aliishi juu ya mlima, kwenye majabali, pamoja na mama yake mzee na ukoo mzima wa mapimbi. Mwaka huo mvua ilikuwa imesusa. Huko juu hapakuwa na hata tone. Maji yalikuwa chini kabisa, chemchemini.

Pimbi alikuwa na pikapu kuukuu, urithi wa marehemu baba yake. Kila asubuhi alishuka nayo, akajaza madebe, akapanda. Tuku-tuku-tuku, panda mama! Tuku-tuku-tuku, panda mama! Ikifika juu, ukoo unakunywa. Isipofika, ukoo unalala na kiu. Pikapu ile ndiyo iliyokuwa kisima chao.

Siku moja Pimbi alifungua boneti, akautazama mpira wa rejeta, ule mnene wa juu unaopitisha maji ya moto kutoka kwenye injini. Umevimba shingoni. Unatoka jasho. Akaubonyeza.

Kriiki!

Mama yake alikuwa ameketi juani. Macho yake yalikuwa yamefifia, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mpira umelia, mwanangu?"

"Umelia, mama."

"Basi umekwisha kuaga. Baba yako alikuwa akisema, mpira usiutazame uso, ubonyeze shingo. Ukinywea na kurudi, huo mzima. Ukilia, hata mlima mmoja haumalizi."

Pimbi alifunga boneti polepole. Moyo wake ulikuwa mzito, kwa sababu duka la spea lilikuwa moja tu, pale mlima unapoanzia, na mwenye duka alikuwa Fisi.

Sasa duka la Fisi lilikuwa na mambo yake. Ukitaka mpira, uende na ule wa zamani, ili kona zilingane. Ni desturi, kila fundi anaijua. Lakini kwa Fisi, ukiutoa mpira wako hauuoni tena. "Sampuli hulala dukani!" atakwambia. Ukiondoka anaupaka dawa nyeusi ya viatu, swaa-swaa-swaa, anautundika, anamsubiri mjinga mwingine. Na mlangoni alikuwa amebandika kibao: MARUFUKU KUBONYEZA MALI.

Si hayo tu. Fisi alikuwa na kamba ndefu, na alikuwa na sheria yake: kilichokwama mlimani ni cha mwenye kamba. Wanyama walinunua mipira yake, wakapanda, ikapasuka katikati. Fisi akaja nyuma na kamba yake, akavuta, akaingiza uani kwake. Uwanja ulikuwa umejaa magari ya majirani.

Pimbi alikwenda kwanza kwa Nungunungu, ambaye lori lake lilikuwa uani mle.

"Jirani, ule mpira ulionunua ulikuwaje?"

"Wacha we! Ulikuwa unang'aa mpaka nikajiona meno."

"Uliubonyeza?"

"Nitaubonyezaje, na kibao kile pale?"

Pimbi akarudi kwenye jiwe lake, akafikiri. Alifikiri jua likamwacha, kivuli kikamjia. Akajiambia: huyu Fisi siku zote anauza mng'aro. Wateja wake wanatazama mng'aro, naye anawatazama wao wakitazama. Mtu akishinda miaka yote mahali pamoja na uwongo wake, mwisho si atauzoea? Na akiuzoea, si atauamini? Hakuwa na hakika. Lakini madebe yalikuwa matupu, na mama yake alikuwa akilamba midomo.

Kesho yake akateremsha pikapu taratibu hadi chemchemini. Kushuka hakuchemshi gari. Akajaza madebe, akafungua ule mpira wa baba yake, akauosha, akaupaka dawa nyeusi ya viatu, swaa-swaa-swaa. Ulikuwa umeoza, lakini ukang'aa kama bwana harusi. Akauviringisha ndani ya kanga, akaupakata kama mtoto mchanga, akaenda kwa Fisi kwa miguu.

Nje ya duka lilisimama gari la Fisi, ndugu wa pikapu ya Pimbi, injini ile ile, kona zile zile. Boneti ilikuwa wazi. Mpira wake ulikuwa umejaa vumbi na tope, hautamaniki. Pimbi alitazama kulia, akatazama kushoto, akapenyeza mkono, akabonyeza. Ukanywea. Ukarudi. Kimya.

"Ewe mpira," Pimbi akanong'ona, "ndiwe ninayekutaka."

Akaingia.

"Hodi, Bwana Fisi!"

"Karibu, dada, karibu! Mipira ipo, orijino tupu! Umeleta sampuli?"

"Nimeleta, ila utazame kwa macho tu." Akafunua kanga, pembeni kidogo.

Mng'aro ukamrukia Fisi usoni. Mate yakamtoka. "Lo! Huo umeupata wapi?"

"Wa marehemu baba. Haupasuki huu. Nataka pacha wake, niwe na wa akiba."

Fisi akanyoosha mkono. Pimbi akaurudisha mpira kifuani.

"A-a, Bwana Fisi! Unataka kubonyeza? Na kibao je?"

Fisi akakitazama kibao chake, akaona haya. "Kweli, kweli. Sheria ni sheria. Lakini na mimi nina sheria yangu, dada. Sampuli hulala dukani."

"Huu? Huu siuachi!"

"Sampuli hulala dukani."

"Jamani, ndio roho yangu!"

"Sampuli hulala dukani!"

Pimbi akalia. Na msidhani alikuwa akiigiza tu. Mpira ule mikono ya baba yake ndiyo iliyoufunga. Akauweka juu ya meza polepole.

"Basi nisaidie wa kunifikisha nyumbani. Gari langu liko chemchemini bila mpira, mama ana kiu."

Fisi akanyoosha mkono kwenye mipira aliyoitundika.

"Hiyo?" Pimbi akashtuka. "Hiyo mipya? Niivae siku moja uje uiuze imechakaa? Usijitie hasara, kaka yangu. Hata huo mchafu kwenye gari lako utanitosha."

Fisi akafikiri, kwa namna yake. Mipya ni mali. Ule mchafu si kitu. Utapasuka mlimani, nami nina kamba. Na huu unaong'aa nitauvaa mimi! Akacheka moyoni mpaka mgongo ukatikisika. Papo hapo akatoka na bisibisi, akafungua ule mchafu akampa Pimbi, na wa Pimbi akajifungia mwenyewe. Hakuubonyeza hata kidogo. Angeubonyeza kwa nini, na unang'aa vile?

Pimbi akarudi chemchemini, akafunga mpira wake mchafu, akawasha. Tuku-tuku-tuku, panda mama! Nyuma yake akaja Fisi na kamba yake. Vruuu, pasuka basi! Tuku-tuku-tuku, panda mama! Vruuu, pasuka basi!

Wakafika kona kali, pale magari yote yanapochemsha. Pimbi akashika usukani kwa nguvu, akamtaja baba yake. Tuku... tuku... tuku... Nyuma pakasikika: kriiki. Fsss. Fsssss. PWAA!

Mvuke ukapaa. Fisi akaruka nje, pua imeungua.

"Dada Pimbi! Nakufa mie! Nivute!"

"Nitakuvutaje, kaka? Mimi sina kamba."

"Shika yangu!" Fisi akamrushia. Pimbi akaidaka, akaifunga nyuma ya pikapu, akaishika ncha yake mkononi.

"Bwana Fisi, ile sheria ya mlima inasemaje?"

"Kilichokwama mlimani ni cha mwenye..." Fisi akaitazama mikono yake mitupu.

"Ulinidanganya!" akapiga kelele. "Umeoza ule mpira! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuubonyeza."

"Ulinikataza!"

"Mimi? Kibao ni chako, kaka."

Akamvuta hadi juu. Mama mzee akanywa kwanza, kisha ukoo. Pimbi akachota bakuli moja zaidi, akampa Fisi, kwa kuwa kiu ni kiu. Kisha akamwambia: "Rudisha magari ya watu, nawe uchukue lako." Fisi akarudisha, akinuna. Nungunungu mwenyewe ndiye aliyekwenda kung'oa kile kibao.

Ule mpira wa baba, uliopasuka, Pimbi aliuokota. Mama yake akaupapasa kwa vidole, akatabasamu. "Umefanya kazi hata baada ya kuaga," akasema. "Kama mwenyewe tu."

Basi mafunzo ya ngano hii mmeyasikia: mali ya watu haibonyezwi! Ukikuta kibao, kitii. Na ukinunua, nunua kinachong'aa, macho hayakuwekwa usoni bure.

Ngano yangu nimeitundika hapo. Ikiwa nzuri, ondokeni nayo. Ikiwa mbaya, nirudishieni, niipake dawa nyeusi, niwauzie wa kijiji cha pili.