Chumba cha Herufi K

Hodari wa kuchungulia makosa ya wenzake mara nyingi huyapa kisogo yaliyo yake. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo nyani haoni kundule. Mhadhiri mmoja, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Profesa Moshi, aliijua methali hiyo kwa ulimi tu, mpaka siku ilipomgeukia.

Somo lake lilihusu namna ya kupunguza hewa chafu inayoipasha dunia joto. Alilifundisha vizuri, ila ulimi wake ulikata kama wembe. Asubuhi moja alimwita mpishi mkuu wa bwalo mbele ya darasa zima.

"Mtazameni mama huyu," alisema. "Sisi tunahubiri kuokoa misitu, yeye anaiteketeza jikoni!"

Mpishi, mtu mzima aliyeweza kumzaa, aliinamisha kichwa, akafuta mikono kwenye aproni, kisha akaenda kuketi nyuma alikoelekezwa. Wachache walicheka. Wengi walitazama sakafu.

Ikafika zamu ya wanafunzi kusoma utafiti wao. Kwa wiki tatu walikuwa wamepima umeme wa kila chumba cha kitivo, na ili kuwasitiri wenye vyumba, waliviita kwa herufi tu. Kiranja alionyesha jedwali. Chumba K kilimeza umeme kuliko maabara mbili, kwani kiyoyozi chake kiliunguruma hata Jumapili, dirisha likiwa wazi.

"Aibu iliyoje!" mhadhiri alifoka. "Ni nani huyo?"

Kiranja alijibu, "Mwalimu, tuliahidi kutotaja..."

"Nimesema mtaje!"

"Ni ofisi yako, Mwalimu."

Mhadhiri alikumbuka jinsi alivyokuwa akikiacha kiyoyozi kikiwaka, eti Jumatatu akute ubaridi. Alizipanda ngazi za ukumbi moja moja hadi nyuma alikoketi mpishi.

"Mama, nisamehe. Nimekuvunjia heshima mbele za watu."

"Yamekwisha, mwanangu," mpishi alijibu kwa upole. "Ila kuni tumezipunguza nusu tangu tujenge jiko jipya mwaka jana. Hukuniuliza tu."

Maneno hayo yalimchoma kuliko jedwali. Akamwomba mpishi aende mbele alieleze darasa habari za jiko hilo. Yeye mwenyewe aliketi miongoni mwa wanafunzi, akaandika kila neno bila kuthubutu kuinua macho. Ama kweli, nyani haoni kundule.